Nani Aliyemwokoa Mzee Kasele na Bunduki Yake

Mnanisumbua. Karanga zote hizi hazijamenywa, hakuna hata mmoja aliyenyoosha mkono, ila midomo ndiyo mmeinyoosha: Bibi, hadithi! Bibi, hadithi! Ninayo, lakini si tamu. Niliowasimulia juzi walikwenda kulala wamenuniana. Haya, menyeni huku mkisikiliza, na anayezitafuna karanga zangu namwona.

Palikuwa na watu watatu waliofanya kazi kwenye uwanja wa ndege wa Kasuvi, uwanja mdogo ambao mbuzi hufukuzwa kwanza ndipo ndege itue.

Wa kwanza ni Kabula, binti wa kaunta, anayepokea mizigo na kuibandika lebo. Huyu alijaliwa macho. Ukifunga shati ukaruka kifungo kimoja, Kabula ameshakuona ukiwa bado getini.

Wa pili ni Luhende, mchukuzi. Huyu alijaliwa miguu inayofika kabla ya akili. Kikombe kikiteleza mezani, mguu wa Luhende umeshakipokea, na Luhende mwenyewe bado anauliza, "Kimeanguka nini?"

Wa tatu ni Afande Lwitiko, polisi wa zamu. Huyu alijaliwa vidole. Aliweza kumtoa mtoto aliyelala mwiba mguuni, na mtoto asigeuke.

Mzee Kasele yeye alikuwa amenyang'anywa zaidi ya kujaliwa. Ujana wake wote alikuwa mwindaji mwenye leseni. Watoto hawakupata, na mkewe Nyamizi alipokufa, ndani ya nyumba walibaki wawili tu: yeye na bunduki yake ya mtutu mmoja, ile ya kukunjwa katikati, nyundo yake imechomoza nje kama kidole gumba. Alikuwa akiisemesha. "Leo mawingu." "Ugali wa leo umeungua." Bunduki haikumjibu, lakini pia haikuondoka, na kwa mtu mpweke hilo si haba.

Siku moja mpwa wake Mayunga akampigia simu kutoka kusini. "Mjomba, unakaa huko na nani? Njoo ukae kwangu. Nguruwe pori wanamaliza mihogo yangu. Njoo na bunduki."

Mzee Kasele aliyasikia yote, lakini aliloliweka moyoni ni moja: njoo ukae kwangu. Nyumba akamwachia jirani mwenye watoto wengi kuliko vyumba. Alichobakiza ni mizinga yake ya nyuki kule msituni, na sanduku la safari.

Sasa sikilizeni, maana bunduki haipandi ndege kama kuku kwenye tenga. Huingii nayo mkononi ukaketi nayo. Inakwenda kwenye tumbo la ndege pamoja na mizigo mingine, haina kitu ndani, imefungiwa kwenye sanduku gumu lenye kufuli, na ufunguo unakaa nao mwenyewe. Risasi nazo zina boksi lao, mbali na bunduki. Na ukifika kaunta unafumbua mdomo unasema: nina bunduki. Mzee aliyafuata yote. Alikwenda kituo cha polisi mjini, wakaikunja katikati, wakachungulia, wakaona tupu, wakampa kibali.

Lakini wawindaji wa ukoo wake walikuwa na mwiko. Bunduki haivuki kizingiti na njaa. Ikivuka tupu, mwenyewe harudi. Ndiyo maana kila alipokwenda porini, Nyamizi alisimama mlangoni akampa risasi ya kwanza kwa mkono wake. Hawakuwa watu wa kukumbatiana. Hiyo risasi ndiyo iliyokuwa kwaheri yao.

Asubuhi ya safari mzee alisimama mlangoni, akangoja kidogo. Kisha mkono wake wa kushoto ukampa wa kulia risasi. "Haya, mke wangu," akasema. Akaiingiza, akaizungushia bunduki kanga kuukuu ya Nyamizi, akaibana sandukuni, akafunga kufuli. Alikusudia akishavuka kizingiti aitoe. Bodaboda akapiga honi, akasahau. Au hakusahau, alitaka tu kutembea nayo kidogo. Hilo nimuulize nani?

Kaunta akapokewa na Kabula. "Shikamoo, babu."

"Marahaba. Nina bunduki!"

"Polepole, babu. Mpaka rubani amesikia."

Watu wakacheka. Mzee akatoa kibali, Luhende akapandisha sanduku kwenye mizani, Afande Lwitiko akakisoma kibali na kuitikia kwa kichwa. Ndege ilikuwa imeshaanza kunguruma. Kabula akafungua boksi la risasi kuliangalia. Lilikuwa jipya, risasi zimepangwa kama mayai kwenye trei, ila nafasi moja ilikuwa tupu.

"Babu, hii moja iko wapi?"

"Ipo."

"Ipo wapi?"

Mzee akautazama ufunguo mkononi mwake. Hapo ndipo alipokumbuka, na aibu ikampanda mpaka masikioni. Aseme nini? Kwamba amejipa mwenyewe kwaheri?

"Kabula!" mtu wa mizigo akaita kutoka nje. "Unatuchelewesha na kababu kako!"

"Chelewa tu," Kabula akajibu. "Hili halipandi. Babu, fungua."

Kama si macho yale, sanduku lingekuwa ndani ya ndege.

Mzee, kwa kuchanganyikiwa, akataka kulishusha sanduku akalifungulie nje, pasipo na watu. Likamponyoka likaanguka kutoka kwenye mizani. Chini ilikuwa saruji tupu. Kabla halijafika, mguu wa Luhende ulikuwa umeshafika. Sanduku likatua juu ya kidole gumba cha mguu, pu!

"Kimeanguka nini?" akauliza Luhende, ndipo akaanza kulia.

Kama si mguu ule, risasi ingelipuka palepale.

Mzee alikuwa amepiga magoti mbele ya sanduku. Afande Lwitiko akamnyang'anya ufunguo, akafungua, akainua kifuniko. Ile kanga ilikuwa imeng'ang'ania nyundo na kuivuta nyuma, sasa nyundo imeshikwa na nyuzi mbili tatu zilizochakaa. Mdomo wa bunduki ulikuwa umeelekea kifua cha mzee. Kanga ya Nyamizi ikaachia, pa! Nyundo ikaruka. Afande alikuwa ameshachomeka kidole chake katikati, nyundo ikakiuma badala ya kugonga risasi, ukucha ukapasuka. Hakupiga kelele. Kwa mkono mwingine akaikunja bunduki taratibu, na risasi ikateleza ikalala juu ya kanga.

Kama si kidole kile, mzee angezikwa siku hiyohiyo.

Ndege ikaondoka bila yeye. Mkuu wa kituo cha polisi akaja, akafoka mpaka akakohoa, akaichukua bunduki na leseni. Kumfunga jela, aliuhurumia umri wake. "Kaa pale benchini," akamwambia, "utafute ndugu yako aje akuchukue."

Mzee akampigia Mayunga, akamweleza.

"Wameichukua kabisa?" Mayunga akauliza. "Hairudi?"

"Hairudi."

Mtu huko alikuwa anatafuna. "Sasa mjomba, bila bunduki utakuja kufanya nini huku? Haloo? Haloo? Mtandao unasumbua." Mzee alimsikia vizuri sana, mpaka muhogo ukivunjika menoni.

Jua lilipopungua ukali, wale watatu wakamfuata benchini, Luhende akichechemea, Afande kidole kimefungwa kitambaa. Hawakuwa na roho mbaya. Walimletea chai.

"Wanangu," mzee akasema, "kwetu mtu akikuokoa na bunduki yako mwenyewe, ulichonacho ni chake. Mimi nimebaki na mizinga ya nyuki msituni, asali yake nyeupe. Semeni ni nani kati yenu."

Kabula akawahi. "Mimi, babu. Hawa wote walikuwa wamesimama kama magogo. Nisingeona ile nafasi tupu, wangefanya nini?"

"Kuona, kuona," akasema Luhende. "Hata mbuzi wa uwanjani wanaona. Nani amevunjika kidole hapa?"

"Wewe ulidaka sanduku, Luhende," Afande akamwambia. "Mimi nilidaka kifo. Tazama ukucha huu."

Wakabishana mpaka chai ikapoa. Mzee Kasele alikuwa akiwatazama, na kwa mara ya kwanza tangu msiba wa Nyamizi uso wake ulilegea. Watu watatu wanamgombea!

"Vizuri," akasema. "Ila sijamaliza. Kwetu mizinga haihami bila mwenyewe. Anayeipokea ananipokea na mimi. Nitakula kwake, nitaugua kwake, na siku ikifika atanizika."

Chai ikanyweka ghafla. Kila mtu akatazama ndani ya kikombe chake.

"Unajua, babu," akaanza Kabula, "mimi niliona tu. Kuona si kuokoa. Nina chumba kimoja, na mama yangu analala humo. Aliyekuokoa hasa ni Luhende."

"Mimi?" Luhende akaruka kwa mguu mmoja. "Mguu ulikwenda wenyewe, sikuutuma! Na mguu huo ungemsaidia nini babu kama Afande asingelifungua sanduku? Ni Afande."

"Kidole hiki ni cha serikali," akasema Afande Lwitiko. "Kilikuwa kazini, na mimi naweza kuhamishwa wakati wowote. Isitoshe, bila Kabula sanduku lisingefunguliwa. Ni Kabula."

Wakaanza tena kubishana kwa nguvu ileile, sasa kila mmoja akimsifia mwenzake.

Haya, ninyi mlioshiba karanga zangu. Macho, mguu na kidole: kimoja kingekosekana, mzee asingekuwepo. Mzee wa watu alale kwa nani leo? Usinijibu haraka kama Kabula. Na usimpeleke kwa mwenye nyumba kubwa, sikuuliza nani ana nyumba. Wala usiniambie wampokee kwa zamu, maana mtu si jembe la kuazimana. Nimeuliza, wewe ungemkabidhi nani?

Na msije mkasema kosa lilikuwa lake na hakulipa. Bunduki ilikwenda, leseni ikaenda, ndege ikaenda, na hayo yote aliyavumilia. Alicholipa hasa alikilipa pale benchini. Aliketi, kifua chake hakina hata mchubuko, akawasikiliza watu watatu wakiapa mmoja baada ya mwingine kwamba si wao waliomwokoa. Alisogea mpaka pembeni kabisa ya benchi, akaacha nafasi ya mtu kukaa, na wale watatu wakaendelea kubishana wamesimama.