Nyota Tano za Badru

Kufuta onyo si kufukia shimo. Jana mliisikia kwa yule mama muuza maji, alipomkuta mwenye nyumba akibandua karatasi iliyokataza watu kunywa maji ya kisima chake. Leo tangu asubuhi mnanifuata mkiuliza imetoka wapi. Mwalimu wenu kawaambia ni ya wahenga. Wahenga gani? Viatu vyangu vya sikukuu vina umri mkubwa kuliko methali hiyo. Ilizaliwa hapa hapa Ngamiani, nami nilikuwepo, na kidole changu kilikuwemo. Kaeni basi, niwaeleze ilivyokuja.

Ni miaka ile watu walipoanza kununua vitu kwenye simu. Unafungua gulio la simu, unaona picha ya sufuria, unabonyeza, kesho yake pikipiki inakuletea mlangoni. Muuzaji humwoni na kitu hukishiki. Sokoni ukinunua chungu unakigonga kwa kidole usikie mlio wake, lakini simuni utagonga nini? Kwa hiyo wenye gulio waliweka mahali pa wanunuzi kusema. Ukiridhika unampa muuzaji nyota tano. Usiporidhika unampa moja, na unaandika kilichokusibu ili anayekuja nyuma yako ajue. Maneno hayo ya wanunuzi ndiyo yalikuwa macho yetu.

Sasa nilikuwa na shoga yangu, Saumu, mpika maandazi wa barabara ya kumi na moja. Saumu alinunua huko simuni kichwa cha mtungi wa gesi, kile mnachokiita regyuleta. Kilikuwa cha kijani, kina kitasa chekundu juu. Siku ya tatu, wakati anageuza maandazi yake, moto ulimtokea kutoka chini, kwenye mtungi. Nyusi zote ziliteketea, na mkono wa kushoto uliungua kutoka kifundo hadi kiwiko. Nilikwenda kumtazama hospitali. Ngozi ilikuwa imejikunja kama ganda la kitunguu.

Alipotoka aliandika kule gulioni. Aliandika hivi: "Msinunue kichwa hiki. Kinavuja hata kikifungwa. Kimeniunguza." Akaweka picha ya kile kichwa, na picha ya mkono wake. Akatoa nyota moja. Hakutaka kulipwa chochote, alitaka tu kisiuzwe tena. Muuzaji akajibu kwamba mama huyu hakujua kukifunga. Saumu akawapelekea shauri wenye gulio, nao wakamwomba picha ya risiti. Risiti ilikuwa juu ya kabati lililoungua. Baada ya siku mbili wakamwandikia: shauri lako limefungwa. Lakini yale maneno yake yalibaki, na watu wakayasoma, na kile kichwa kikaacha kununuliwa.

Muuzaji wake alikuwa Badru, mtoto wa marehemu kaka yangu.

Mimi sikujua, maana duka lake la simuni lilikuwa na jina jingine kabisa. Nilijua siku tuliyokuwa kwa mama yake, wifi yangu Mwajabu, tunachambua mchele wa harusi ya dada yake Badru. Tulikuwa wanawake kumi na wawili wa ukoo. Badru akaingia ameinamisha uso.

"Shangazi, kuna mtu ananimaliza," akasema. "Biashara imekufa. Harusi hii tutaifanyia nini?"

"Kakufanya nini?"

"Kaniandika vibaya. Nawaombeni, kila mmoja anipe nyota tano, halafu abonyeze hapa chini, palipoandikwa maoni haya si ya kweli. Wakibonyeza wengi, yanaondolewa. Si mchango wa pesa jamani, ni kidole tu."

Wifi Mwajabu akacheka. "Mungu mwenyewe ana nyota zote hizo hajatuomba tumhesabie. Wewe una kichwa kimoja cha mtungi unataka tano!"

Wote tukacheka. Kisha simu zikaanza kuzunguka juu ya sinia za mchele. Ndivyo tulivyolelewa. Mwenzenu akiwa na shughuli mnachanga, huulizi, unatoa. Nani atanyima kidole? Hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kununua kile kichwa.

Zamu yangu ikafika. Badru alinishikia simu karibu na macho. Nikaiona picha ya mkono. Wanangu, niliujua. Kulikuwa na bangili ya shaba niliyomtunza mwenyewe kwenye ngoma ya mwanawe. Nilijua ni mkono wa nani, na nilijua aliungua kweli. Nikajisemea kwamba Saumu atapona, lakini jina la ukoo likichafuka halipati dawa. Nikabonyeza nyota tano. Nikabonyeza na pale chini.

Kufikia adhuhuri maneno ya Saumu hayakuwepo tena.

Kesho yake akaja kwangu na mkono wake umefungwa bendeji. Nikampa kiti, nikamimina chai.

"Shoga, yale maneno yangu yameondoka," akasema.

"Yameondokaje?"

"Wananiambia watu kumi na wawili wameshuhudia kwamba mimi mwongo. Kumi na wawili! Hata mawifi zangu, na domo lao lile, hawafiki kumi na wawili."

Mimi nikawa nakoroga chai iliyokwisha kukorogwa. Akanitazama.

"Na wewe umo?"

"Ni mtoto wa kaka yangu, Saumu."

Nilidhani atanitukana. Ningefurahi angenitukana. Akasema taratibu, kama mtu anayeuliza njia:

"Unalijua lile shimo la mtaro pale barabara ya tisa, walipoiba mfuniko? Watu wamechomeka tawi la mwarobaini humo ndani, mtu asije akatumbukia. Sasa nyie mmepita, tawi limewaudhi, mkaling'oa. Haya, limeng'oka. Shimo je, mmelifukia?"

"Saumu, Badru anasema hakuna mwingine aliyelalamika..."

"Mimi nakuuliza shimo."

Akaondoka, chai hakuigusa. Tangu siku ile kitu kama tone la maji baridi kiliniingia mgongoni, kisitoke. Nilipolala nilikifikiria, nilipokula nilikifikiria. Nikamwomba mjukuu mmoja anifungulie lile duka. Zilikuwa nyota tano tupu, zinang'aa, hazina hata doa. Chini yake watu wapya waliandika: nimenunua, nasubiri. Nimenunua, nasubiri. Nikamwambia afunge simu.

Ilipita kama wiki tatu, ikafika arobaini ya mama yenu mdogo, Mwantumu, aliyekuwa amejifungua mtoto wake wa kwanza. Mumewe, Kombo, alikuwa kazini kwenye mashamba ya mkonge, akaja siku ile na jiko jipya la gesi na mtungi wake. "Sasa mke wangu hatapuliza kuni tena," akasema, na sote tukampongeza. Wanawake wakapikia supu ya wageni, wakazima jiko, wakatoka. Hakuna aliyeuliza vitu vile vilinunuliwa wapi.

Mnajua desturi yetu. Siku ya arobaini nyumba inafukizwa, na anayeshika chetezo ni bibi mzaa mama. Madirisha yote yanafungwa ili moshi ushike kuta. Unaanzia mlango wa mbele, chumba kwa chumba, upande wa kulia kwanza, na nyuma yako anafuata mama na mtoto wake, na nyuma yao wanawake wanamswalia Mtume. Udi nilitia mwingi, na ubani juu yake, mpaka nyumba nzima ikawa haina harufu nyingine. Hilo ndilo linalonitisha hadi leo. Gesi ina harufu yake mbaya, kama kabichi iliyooza, imewekewa makusudi ili watu wastuke. Sisi tuliifunika kwa udi, na tulikuwa tunaimba.

Nikapita sebuleni, nikapita vyumba viwili. Nikafika mlango wa jikoni, mguu mmoja ukiwa tayari hewani wa kuingia.

Nikakiona juu ya mtungi. Cha kijani, kitasa chekundu.

Nikaushusha mguu pale pale kizingitini. Nyimbo nyuma yangu zikapungua, maana nilikuwa nimesimama, na katika ule upungufu nikasikia sauti ndogo ikitoka mtungini, kama mtu anayefyonza polepole, asiyemaliza. Ssss. Jiko limezimwa, na bado anafyonza. Na mimi nina makaa yaliyoiva mkononi.

"Mama, mbona huingii?" Mwantumu akaniuliza. Pumzi ya mtoto niliisikia begani kwangu.

"Geuka, utoke nje na mtoto."

"Jikoni bado, mama..."

"Toka, Mwantumu. Usikimbie. Toka."

Ukumbi ulikuwa na giza kwa sababu ya madirisha yaliyofungwa. Wifi Mwajabu, aliyekuwa nyuma, akasema, "Kuna nini huko? Ngoja niwashe taa tuonane."

"Mwajabu! Ukigusa hiyo swichi tumekufa wote."

Mkono wake ukabaki ukutani, kidole juu ya swichi. Wanawake wote ishirini wakaanza kutoka mmoja mmoja wakiburuza miguu, kama wanaopita karibu na mgonjwa. Mimi nikarudi kinyumenyume, chetezo nimekikinga kwa tumbo. Kutoka jikoni hadi mlango wa mbele ni hatua kumi na nne. Nilizihesabu. Kwenye hatua ya sita punje ya ubani ikapasuka, cheche ikaruka, ikaelea mbele ya macho yangu, ikatua kwenye kanga yangu. Niliizima kwa kiganja na sikuhisi kuungua. Nilichosikia ni ile sauti tu, inafyonza.

Nilipofika nje nilivuka barabara, nikaenda hadi kwenye mchanga wa kiwanja, nikakiweka chetezo chini na kukifukia. Ndipo nikakaa chini pale pale mchangani.

Wote walikuwa wametoka. Lakini nani ataingia kukifungua kile kitu? Wanaume walisimama mbali wakipokezana ushauri. Kombo alitaka kuingia, mkewe akamng'ang'ania shati. Ndipo Saumu akatokea, amesikia kelele kutoka mtaa wa pili.

"Ni kile?" akaniuliza.

Nikaitikia kwa kichwa.

"Kaeni mbali. Mimi kimeshaniunguza, najua kinavyong'olewa."

Alifungua madirisha kwa nje, moja moja, akangoja upepo upite. Kisha akaingia na mkono wake mmoja mzima. Sisi tulitazama ule mlango. Sijui alikaa humo kwa muda gani. Alipotoka alikuwa amekishika kile kichwa kama mtu aliyemkamata nyoka shingoni. Akaja mpaka nilipokaa, akakiweka miguuni pangu.

"Chukua, shoga. Ni cha ukoo wenu."

Nilikwenda kwa Badru siku hiyo hiyo, na mama yake nyuma yangu.

"Shangazi," akasema alipokiona, "mambo haya tungeyamaliza kimya kimya..."

"Umeuza vingapi tangu tulipokufutia yale maneno?"

Akatazama simu yake. Aliposema, sauti yake ilikuwa ya mtoto mdogo.

"Arobaini na nane."

Mama yake akakaa chini sakafuni.

Tukawaandikia wenye gulio warudishe maneno ya Saumu. Wakajibu kwamba yaliyokwisha kuondolewa hayarudishwi. Basi tukatembea. Badru na orodha yake, mimi, na Saumu, nyumba kwa nyumba, Ngamiani yote, Chumbageni, Makorora, mpaka Pongwe. Kila mlango tuliobisha niliomba kwanza tusikute kilio. Wengine walitutukana, wengine walitupa maji ya kunywa. Mahali pamoja tulikuta ukuta wa jiko mweusi mpaka darini na mlango una kufuli. Majirani waliangalia pembeni. Hatukuthubutu kuuliza, na mpaka leo sijauliza.

Tulikusanya arobaini na viwili. Cha Mwantumu cha arobaini na tatu. Vitano hatujavipata. Wenyewe walihama, simu zao haziiti.

Vitano hivyo viko jikoni kwa watu nisiowajua, labda na watoto wao, nao walivinunua kwa sababu waliziona nyota nilizozitoa mimi. Nikipita mtaa mgeni nikasikia harufu ya udi, husimama nikatega sikio. Mnaniuliza kila siku kwa nini nasimama njiani. Ndiyo hiyo sababu.

Saumu hakulirudia tena kwangu lile neno la shimo. Watu wa Ngamiani ndio walilichukua, wakalipunguza punguza mpaka likaenea mdomoni, na sasa hata muuza maji analo. Mkimsikia mtu akilisema msicheke, na msimwambie ni la wahenga. Kufuta onyo si kufukia shimo.