Pumzi ya Jina Moja

Sogeeni karibu, wakubwa kwa wadogo. Hadithi hii nimekaa nayo miaka mingi na jibu lake sijalipata. Leo nawaachia ninyi.

Katika mji wa Lugonde, chini ya mlima unaochimbwa vito, waliishi watu watatu wenye vipawa ambavyo hakuna aliyevijua. Wa kwanza ni Tabia, mpishi wa shule. Akitega sikio chini, alisikia pumzi ya mtu hata kama mlima mzima umesimama kati yao. Wa pili ni Singano, fundi simu wa sokoni. Jiwe akiligusa lililainika mikononi mwake kama unga uliokandwa. Wa tatu ni Mhina, aliyesukuma mkokoteni wa maji mtaa kwa mtaa. Huyo hakuna kitu mgongo wake ulichoshindwa kukibeba.

Kila mmoja alipokwenda kuokoa watu alijifunika uso kwa barakoa nyeusi, na hata wao kwa wao hawakujuana. Mji uliwaita Barakoa Watatu, ukawasifu vibarazani, wala haukujua kwamba kila asubuhi unanunua maji kwa mmoja wao.

Walijificha kwa sababu ya Chaurembo. Huyu alikuwa mtu wa sauti laini na tabasamu la mgeni mwema. Lakini akikutazama usoni, akalitaja jina lako, la baba yako na la babu yako, basi wewe si wako tena. Utaona, utasikia, utalia moyoni, ila mikono na miguu itamtii yeye. Hufunguki mpaka alitaje tena jina lako lote na kusema, "Nenda." Baba yake naye alikuwa hivyo hivyo. Alipokufa, watu saba aliowaita walibaki wamesimama mlangoni pake, hawali, hawasemi, mpaka wakaanguka mmoja mmoja. Lugonde ilikuwa haijasahau.

Sasa njooni kwa Mwantumu, mdogo wake Tabia, fundi cherehani. Mama yao alipofariki, Tabia ndiye aliyemlea, akaacha shule ili yeye asome. Mwantumu alikuwa mchumba wa Singano, na uchumba huo ulikuwa umemchosha. Siku wazee wa Singano walipoleta posa, bwana mwenyewe hakuonekana. Alifika saa kumi jioni, shati limelowa tope. "Nilipata pancha," akasema. Juma lililofuata pancha nyingine. Tabia akanong'ona jikoni, "Mdogo wangu, huyo mwanamume ana mwanamke mahali."

Jumatatu moja Mwantumu akamwambia, "Singano, mimi sitaki kuolewa na mtu ninayemngojea tu. Niambie unakokwenda."

Singano akajibu, "Siwezi, Mwantu. Nikikwambia nitakuponza."

"Basi usije tena."

Jumatano akaja mteja mpole na suruali ya kupunguza. Akauliza jina, apate kumwandikia mkewe ajue suruali iko kwa nani. Akauliza na la baba, akauliza na la babu. Mwantumu, akili yake iko kwa Singano, akajibu bila kufikiri huku akipima pindo. Alipoinua macho, yule mteja, kumbe ndiye Chaurembo, alikuwa anamtazama usoni. "Mwantumu binti Athumani Shekimweri," akasema kwa upole, "acha mkasi. Panda mlimani ukachimbe." Vidole vyake vikaachia mkasi, naye akaviona vikiachia.

Mgodini walikuwa sitini. Walichimba kwa amri, wakala kwa amri, wakalala kwa amri. Mwantumu alikuwa akipiga kelele ndani ya kichwa chake mwenyewe, na nje hakukutoka hata mguno.

Siku ya tisa, saa sita mchana, mlima ukakoroma. Paa la mgodi likaporomoka kati yao na mlango. Giza, vumbi, hewa inazidi kuwa nzito. Na hakuna aliyekimbilia popote, kwa sababu neno la mwisho waliloambiwa asubuhi lilikuwa, "Msitoke mpaka niseme."

Huko nje Barakoa wa kwanza akafika, akalala kifudifudi juu ya kifusi, sikio jiweni. Mji mzima ulikuwa umekata tamaa. Yeye akasikiliza mpaka damu ikamtoka sikioni, kisha akasema, "Wako hai. Sitini wote. Upande wa kushoto, mwendo wa hatua arobaini."

Barakoa wa pili akaingiza mikono kwenye mwamba pale alipoonyeshwa. Akakanda, akatupa nyuma, akakanda. Kucha zilimtoka zote, naye hakupumzika mpaka njia ikatokea.

Barakoa wa tatu akaingia nyuma yake, kwani paa la njia hiyo lilikuwa linaanza kubonyea. Akasimama mlangoni, akaweka mgongo chini ya paa, akasema, "Fanyeni haraka jamani." Mlima wote ukamkalia.

Yule wa pili akawafikia. Tochi yake ikapita nyuso zile zisizopepesa, ikasimama kwenye mmoja. "Mwantu," akasema, "Mwantu wangu, twende."

Duniani kote mtu mmoja tu ndiye aliyemwita Mwantu. Mwantumu akaielewa pancha, akalielewa tope. Singano akamvuta mkono, na mkono wake mwingine ukang'ang'ania mwamba, kwa sababu hakuwa ameruhusiwa kutoka. Mwantumu alitaka kumwambia avute hata mkono uvunjike, bora atoke. Singano alivuta huku akilia, mpaka bega la Mwantumu likaanza kulia ko, ko, ndipo akamwachia, akatoka mbio.

Chaurembo alikuwa ameketi juu ya pipa kule nje, amekunja nne.

"Waachie," Singano akamwambia. "Hewa inakwisha."

"Miaka yote hii mnanikimbia na vitambaa vyenu," Chaurembo akajibu. "Nipeni majina. Jina moja, watu ishirini. Mnanijua, neno langu silivunji."

Mwantumu alikuwa akisikia yote hayo ndani ya giza. Kisha sauti ya mwanamke ikasema, "Mimi ni Tabia binti Athumani Shekimweri."

Dada yake. Mwantumu alidhani moyo utampasuka. Huko nje Tabia akavua kitambaa, Chaurembo akaliita lile jina, akaamuru, "Simama pale, usitikisike." Halafu akataja majina ishirini, na watu ishirini wakatoka wakijikwaa. La Mwantumu halikuwamo.

Barakoa wa pili akavua kitambaa. "Singano Hoza Kiluwa." Akaitwa, akasimama kando ya Tabia. Ishirini wengine wakatoka. La Mwantumu halikuwamo.

Wa tatu hakuweza kutoka, kwani akitoka paa linaanguka. Ikabidi Chaurembo mwenyewe aingie mlangoni amwone uso. "Nivue wewe," Barakoa akamwambia, "mimi mikono imejaa." Kisha akacheka kidogo. "Mhina Semboja Ngoda. Tangu mama afe hakuna aliyeniita jina hilo lote. Wote wananiita Maji."

Chaurembo akaliita. Akataja ishirini wa mwisho, na jina la mwisho kabisa likawa la Mwantumu. Mwili wake ukamrudia ghafla, akatambaa. Akapita chini ya kifua cha Mhina, jasho lake likamdondokea shingoni. Alikuwa amenunua maji kwa mtu huyu miaka sita, na hajawahi kumtazama usoni.

Mwantumu alipofika nje tu, Chaurembo, akiwa bado pale mlangoni, kwa furaha ya kuwapata wote watatu akasahau paa, akamwamuru Mhina: "Njoo nje."

Mhina akatii. Akatoka. Na mlima ukaja nyuma yake.

Vumbi lilipotulia, Mhina alikuwa amesimama nje, mgongo umechanika. Chaurembo alikuwa amefunikwa na mawe mpaka kifuani, mapovu mekundu mdomoni. Waliookolewa walikuwa wanakimbia kuteremka mlima. Mwantumu akarudi, akapiga magoti mbele ya dada yake, akamshika uso. Tabia hakupepesa. Chozi moja tu lilikuwa linashuka. Akamkimbilia Singano, akayakumbatia yale mabega, nayo yalikuwa magumu kama mlango. "Nisamehe," akamwambia. "Nisamehe, Singano. Ningekungojea hata miaka kumi."

Akamgeukia Chaurembo. "Wafungue! Unakufa, wafungue!"

"Ningependa," Chaurembo akasema, na safari hii sauti haikuwa laini. "Naogopa, binti. Baba alikufa na saba mkononi, nami niliwaona wakianguka. Lakini kifua hiki... majina matatu matatu ni marefu. Nina pumzi ya mtu mmoja. Sitachagua mimi. Chagua wewe."

"Jaribu wote!"

Akajaribu kuvuta pumzi, damu ikamjaa kinywani. Akatikisa kichwa.

Mchimbaji mwenzake mmoja, jirani yake Mama Nasoro, naye alikuwa amerudi na kusimama nyuma yao. Akasema kwa sauti ndogo, "Mwanangu, dada yako amekulea. Huyu alikuwa akupe maisha. Lakini yule wa maji hana mtu. Usipomtaja wewe, nani atamtaja?"

Mwantumu akawatazama. Bila sikio la Tabia, hakuna ambaye angejua kwamba bado wako hai. Bila mikono ya Singano, wangejulikana wako hai na wangekufa vivyo hivyo. Bila mgongo wa Mhina, njia ingekuwa kaburi. Na kila mmoja alinunua watu ishirini kwa jina lake, na Mwantumu alikuwa katika wale ishirini wa Mhina. Akapiga yowe moja ambalo watu walilisikia mpaka sokoni.

"Haraka," Chaurembo akasema, macho yakimgeuka. "Haraka, binti. Nimwite nani?"

Mwantumu akainama, akaweka mdomo sikioni mwake.

Basi, ninyi mliokaa hapa: lau mdomo ule ungekuwa wenu, mngemtajia jina la nani? Na wale wawili waliobaki, mngewatazamaje usoni?