Mistari Mitatu ya Mjane

Wametusimulia waliotutangulia, na Mungu ndiye ajuaye zaidi, kwamba zamani, kabla watu hawajajua kupiga vitabu chapa, palikuwa na nyumba ya watawa wa kike katika milima ya baridi ya Ulaya. Baada ya sala, kazi yao ilikuwa kunakili vitabu vya Kilatini kwa mkono, herufi kwa herufi, juu ya ngozi ya ndama. Miongoni mwao alikuwamo mcha Mungu aliyeitwa Ermelinda.

Ermelinda alipewa kitabu cha visa vya mafundisho, kilichoazimwa kutoka nyumba ya mbali. Mwishoni mwake mliandikwa onyo: "Atakayepunguza neno humu, Mola na alipunguze jina lake katika kitabu cha uzima." Kila alipolisoma, mkono wake ulikuwa mzito.

Alinakili miezi saba, akamaliza. Asubuhi mjumbe alipofika na nyumbu kuvichukua vitabu vyote viwili, cha zamani kirudi kwa wenyewe na kipya kipelekwe kwingine kikanakiliwe tena, Ermelinda alivifungua avilinganishe kwa mara ya mwisho. Akaona kosa.

Kilikuwa kisa cha mjane aliyeuliwa mwanawe. Muuaji, akiwa na majeraha, alibisha hodi kwake bila kujua ni nyumba ya nani. "Akamtambua, na mjane akalia," kilisema kitabu cha zamani. Ikafuata mistari mitatu: alimwosha majeraha, akamsamehe, akamfungulia mlango wa nyuma aende zake. "Na mjane akalia," kikasema tena, "na majirani wakakuta beseni la maji ya damu."

Jicho la Ermelinda lilikuwa limeruka kutoka kilio cha kwanza hadi cha pili. Katika nakala yake mjane alimtambua muuaji, akalia, na majirani wakakuta beseni la damu. Basi.

Dada Odila wa jikoni aliingia na mkate. "Una nini, dada? Umepauka kama ngozi iliyokwanguliwa."

Ermelinda akamwonyesha kwa kidole.

"Masikini! Umemtia mjane wa watu kisu mkononi!" Odila akatazama mlangoni, akashusha sauti. "Funga. Cha zamani kinaondoka leo, nani atavilinganisha tena? Mimi nilimwaga wino tu, na huu mwaka wa kumi na moja namenya vitunguu. Mama Mkuu hasahau."

"Na mjane je? Amekwisha kufa. Nani atamtetea?"



Ermelinda akaenda kwa Mama Mkuu na vitabu vyote viwili kifuani, magoti yakigongana. "Mama Mkuu, nimemsingizia mtu."

"Nani?"

"Mjane, katika kisa cha arobaini."

Mama Mkuu alikisoma kisa hicho katika vitabu vyote viwili. Nje nyumbu alikuwa akipiga kwato. Ermelinda alihesabu kila pigo.

"Hakuna muda wa kuandika ukurasa upya," akasema hatimaye. "Iandike pambizoni, ukingoni mwa ukurasa, mistari uliyoiruka. Chini yake andika jina lako na kosa lako. Kisha nenda jikoni."

Kwa herufi zilizopinda kwa hofu akaandika mistari ile mitatu, na chini yake: "Mimi Ermelinda niliiruka mistari hii. Mjane hana hatia. Niombeeni."

Akaishi na vitunguu hadi mwisho wa siku zake, akiogopa kwamba jina lake limepunguzwa.

Kitabu cha zamani kiliteketea kwa moto. Nakala ya Ermelinda ikazaa nakala, na wanakili wa baadaye, wasijue kipi ni kisa na kipi ni pambizo, wakaingiza yote ndani. Hivyo hadi leo, mjane akiisha kusamehe, sauti nyingine hufuata ikiomba kusamehewa. Majina ya wanakili wengine wote yamepotea. La Ermelinda limebaki.

Wapenzi, nasi huruka mistari ya wenzetu. Tunaliona beseni la damu, hatuuoni mkono uliokuwa ukiosha jeraha. Mola atujaalie kurudi nyuma na kusoma tena, hata kama magoti yanagongana.