Kibwengo Aliyetaka Mtani

Paukwa!

Pakawa!

Mh! Mnaitikia kama watu walionyimwa chakula, na sufuria nimeiona kwa macho yangu, imelambwa hadi chini. Paukwa!

Pakawa!

Haya, sasa nasikia watu. Mwenye baridi asogee, mwenye mdomo aufunge.

Hapo zamani za kale palikuwa na msitu wa miyombo, mkubwa, usioisha kwa mwendo wa siku tatu. Ndani yake aliishi kibwengo. Kimo chake hakikumpita mbuzi, masikio marefu, magoti meusi. Watu wa kijiji cha Itundwe walimwita Kapilipili, kwa kuwa alikuwa mdogo na alikuwa akiwasha.

Na kuwasha, aliwasha kweli! Ulitundika mzinga wa nyuki mtini, kesho ukaukuta umegeuzwa kisogo mbele. Ulivua viatu upande mti, uliposhuka ukavikuta vimejaa mavi ya kima. Ulijitwisha kuni, ulipofika nyumbani ukakuta umebeba mzigo wa majani. Babu yako alichezewa hivyo, baba yako alichezewa hivyo, nawe ukachezewa hivyo hivyo, na aliyewachezea alikuwa yuleyule, hana hata mvi moja. Vibwengo hawazeeki. Kila kizazi kilimkuta, na kila kizazi kilimwacha.

Lakini hapa ndipo wengi humkosea, kwa hiyo tegeni masikio. Kapilipili hakuwa mbaya. Alikuwa mpweke.

Kila siku alipanda mti wa mwisho wa msitu, pale mashamba ya mtama yanapoanzia, akatazama kijiji. Siku moja akaona ajabu. Mtu wa kijiji cha ng'ambo aliingia uani kwa mwenyeji, akamkamata kuku bila kuomba, akamwita mwenyeji kichwa cha nyumbu. Mwenyeji badala ya kushika rungu akashika mbavu, anacheka! Wiki haikupita, mwenyeji naye akaenda ng'ambo, akarudi na mbuzi wa yule bwana na kofia yake.

"Kobe," Kapilipili akauliza, "wale wana nini?"

"Wale ni watani," Kobe akajibu kutoka chini ya mti. "Mtani hakasirikiwi. Utamwibia naye atakuibia, utamtukana naye atakutukana. Na siku ya msiba, mtani ndiye humzika mtani wake."

Kapilipili moyo ukamwuma. Akakaa juu ya tawi hadi miguu ikafa ganzi. Kisha akasema, "Nami nataka mtani."

Basi akaanza kumtafuta kwa njia anayoijua.

Wa kwanza alikuwa Masele, msasi. Kapilipili alimwibia mishale yote, akaichomeka ardhini mbele yake mmoja mmoja, apate kumfuata. Masele akaokota jiwe, akarusha, akalaani hadi mate yakamkauka, akaondoka asirudi tena njia ile. Kapilipili akaimba:

*Nimekuchokoza, nichokoze,*
*Nimekuibia, niibie,*
*Mbona waniacha peke yangu?*

Wa pili alikuwa Bibi Nyanzala, mwokota uyoga. Kapilipili alimwaga uyoga wake, akajaza kikapu vyura. Bibi hakurusha jiwe. Alipiga magoti, akanyunyiza unga, akasema, "Shikamoo, mkubwa wa msitu. Tuwie radhi, tuna njaa tu." Akarudi kijijini akatangaza kwamba aliye msituni anataka heshima.

Heshima ile, jamani! Kuanzia siku hiyo kila aliyerina asali aliacha sega la kwanza juu ya kisiki, akaondoka kinyumenyume bila kuinua macho. Watu wa Itundwe walidhani kibwengo anawachezea kwa sababu ana njaa, na kibwengo asali hata haonji. Masega yote yaliliwa na siafu. Alipowachokoza zaidi, walizidi kumheshimu. Alipozidi, wakaongeza na jogoo. Mwenzenu akakaa juu ya kisiki kile kati ya zawadi zake, akaimba:

*Nimekuchokoza, nichokoze,*
*Nimekuibia, niibie,*
*Mbona waniacha peke yangu?*

Wa tatu alikuwa Kalunde.

Kalunde alikuwa mwanamke mrina asali, na mdomo wake ulikuwa mkali kuliko nyuki wake. Siku hiyo alikuwa juu ya mti mrefu, mwenge wa moshi mkononi, mkono mwingine umo mzingani. Kapilipili akapanda polepole, akaifungua kamba ya kupandia, akakimbia nayo. Kalunde akabaki juu kama nguo iliyosahauliwa kwenye kamba ya kuanikia.

Akatazama chini. Hakulia, wala hakusalimu.

"Wewe mwenye magoti ya chungu kilichoungua!" akapaza sauti. "Hiyo kamba unaipeleka wapi? Au unataka kumfunga mama yako asikukimbie tena kwa ubaya wa sura?"

Kapilipili akasimama. Masikio yakamtetemeka.

"Umesema nini?"

"Umesikia. Masikio yote hayo, nawe unauliza?"

Akateremka kwa kukumbatia shina, akachubuka mapaja yote, akaenda zake bila kuacha sega kisikini. Kibwengo hakulala kwa furaha. Alfajiri usingizi ulimpitia, na asubuhi aliamka akipiga mayowe: kichwa kizima kimepakwa asali, na siafu wamekwishapata habari! Alijiviringisha majanini, akajitupa kijitoni, akatoka akikohoa na kucheka na kulia kwa pamoja.

"Amenijibu!" alipiga kelele. "Kobe! Kima! Amenijibu!"

Kalunde alikuwa amekaa ng'ambo ya kijito akila kiporo chake. "Sasa tumekuwa watani," akasema. "Nami nakuonya, akutukanaye hakuchagulii tusi. Siku nikifa, wewe ndiye utakayenizika. Uje ulale kaburini mwangu, uniige ninavyotembea, uwachekeshe wanangu. Usipokuja nitajua umenidharau."

"Kufa ni nini?" Kapilipili akauliza.

Kalunde akavuka kijito. Akammegea kiporo. "Ni kazi nyingine tu," akasema. "Kula."

Kapilipili akala. "Basi nitakuja," akaahidi.

Basi wakaishi hivyo, kiangazi kwa kiangazi. Kapilipili anaficha shoka, Kalunde anamkata mkia wa nywele akiwa usingizini. Kapilipili anamtia mwiba kwenye gogo analokalia, Kalunde anampikia uji wa majivu. Hawakuwahi kuambiana neno zuri hata moja, na hakuna aliyekuwa na furaha kuwashinda. Ukiwasikia wakitukanana ungedhani wanauana, kumbe wanapendana wale.

Mwanadamu, lakini, hana miaka ya kuchezea.

Kiangazi kimoja Kalunde hakuja. Ndege wa asali, yule anayewaongoza watu kwenye nyuki na ambaye hajawahi kuficha siri, akaja akasema, "Magoti yanamwuma. Anasema wewe ndiye uliyemloga, sura mbaya wewe." Kapilipili akacheka, akasubiri.

Kiangazi cha pili hakuja. Ndege akasema, "Macho yamepofuka. Anasema ni afadhali, maana hatakuona tena." Kapilipili akacheka, lakini kidogo. Akaupanda mti wa mwisho wa msitu, akasubiri.

Kiangazi cha tatu ndege akaja, akatua, asiseme kitu.

"Amenitukana nini?" Kapilipili akauliza.

Ndege akageuza uso.

"Sema basi! Amenitukana nini?"

"Hajakutukana," ndege akasema. "Kalunde amekufa leo asubuhi. Wanachimba sasa hivi."

Kapilipili akaruka chini. Kobe akamzuia kwa maneno pale mpakani, shingo imemtoka yote.

"Kapilipili, simama! Kivuli cha msitu ndicho kinachokuficha. Ukilikanyaga jua la shambani, miaka yote uliyoikwepa itakuona. Utazeeka, na siku moja utakufa kama wao."

"Nilimwahidi?" Kapilipili akauliza.

"Ulimwahidi."

"Basi nipishe."

Akaingia kwenye mtama. Hatua ya kwanza nywele zikaingia mvi. Hatua ya mia mgongo ukapinda. Alipofika kijijini alikuwa kizee kidogo kinachohema, na adhuhuri ilikuwa imesimama juu ya watu waliolizunguka kaburi jipya.

Mama mmoja akapiga kelele. Wengine wakaanza kupiga magoti, wakitafuta unga. Lakini Limi, binti wa Kalunde, aliyekwishasikia habari za kibwengo huyu tangu akinyonya, akainua mkono. "Inukeni," akasema. "Huyu ni mtani wa mama."

Kapilipili akafanya kazi ya mtani. Aliiga Kalunde anavyotembea kwa madaha na kibuyu kiunoni. Aliiga anavyopiga chafya akivuta moshi. Aliiga anavyolaumu nyuki kwa majina. Watu waliokuwa wakilia wakaanza kucheka, wakacheka hadi wakashikana mabega, ndiyo dawa ya msiba hiyo. Kisha, kama ilivyo desturi, akaruka kaburini, akalala chali, akakataa kutoka.

"Toka, mtani, tumzike mtu wetu!" wakaita.

"Sitoki!"

Watu wakacheka.

"Toka, mtani, jua linatuunguza!"

"Sitoki!"

Watu wakacheka zaidi, wengine wakamrushia mabonge ya udongo.

"Toka, mtani!"

"Sitoki," akasema Kapilipili, na mara hii hakuna aliyecheka, kwa kuwa sauti ilikuwa imebadilika. Hakuwa akifanya mzaha. Hakutaka kutoka.

Limi akashuka kaburini, akachuchumaa karibu naye. Akamwuliza swali ambalo mtani huulizwa, wengine hujibu kuku, wengine hujibu pombe.

"Unataka nini, ndipo utoke?"

"Kalunde!" kibwengo akaita, hakumtazama Limi, alitazama sanda iliyolala ukingoni. "Wewe mwanamke mwenye meno ya panya buku! Umelala mchana kweupe kama mvivu!"

Akategea jibu, masikio yamesimama.

Kimya.

"Nimemtukana," akamwambia Limi. "Tusi zuri. Sikiliza, hanijibu. Nataka anijibu. Sitaki kuku, sitaki chochote. Nataka anijibu mara moja tu, nitoke."

Hapo watu wazima waligeuza nyuso zao. Nami ningegeuza, nawaambieni ukweli.

Limi alikuwa na machozi hadi kidevuni, lakini alikuwa mtoto wa mama yake. Akapangusa uso kwa kanga. "Mama alijua utafanya hivi," akasema. "Jana jioni aliniita. Akasema, 'Yule mpumbavu atakuja. Atalala shimoni kwangu, atajitia hataki kutoka. Mwambie hilo shimo ni langu. Mwambie anapanua miguu akilala, na ananuka beberu, na mimi kulala naye milele siwezi. Akachimbe lake.'"

Kapilipili akatulia. Tumbo likaanza kumtikisika, kisha mabega, kisha masikio. Akacheka. Alicheka kicheko kimoja kirefu, na katikati ya kicheko maji yakamtoka machoni, akayagusa kwa kidole, akayaonja, hakujua ni nini. Kisha akampa Limi mkono, akatolewa. Akawa wa kwanza kumwaga udongo.

Tangu siku hiyo Itundwe hawakuweka tena sega kisikini. Utani ni urithi, na Limi aliurithi, na wanawe wakaurithi. Walimwibia Kapilipili kitanda chake cha majani. Walimtia pilipili uji. Walimwita kizee, kinyago, mkia wa kenge, naye aliwajibu moja kwa tatu, akazeeka kati yao akicheka. Alichokitamani tangu mababu, alikipata, tena kijiji kizima.

Ila kulikuwa na jambo moja. Ukimtukana tusi zuri mno, lile la kukata maini, alicheka, akapiga paja, kisha haraka haraka akageuza kichwa kuitazama njia ya msituni, amwambie Kalunde.

Haya. Hadithi yangu imekaa kitako hapo, mimi siinyanyui tena. Na wewe unayejifuta macho kwa kisingizio cha moshi, tumekuona.