Dirisha la Mwanashuru

Palikuwa na mama mmoja wa Pangani, Mwanashuru, mwenye maneno matamu na akili kali. Fundi alipokuwa akimjengea nyumba yeye na wanawe, jirani yake tajiri, Bwana Kibwana, alifika kwenye msingi na bakora mkononi.

"Sitaki dirisha hata moja litazame baraza yangu," alifoka. "Ukiliweka, nitalivunja."

Upepo wote wa mtaa ule ulitoka upande huo. Bila dirisha, watoto wangeokwa humo ndani kama mikate. Mwanashuru akatabasamu.

"Umeshinda, kaka. Fundi, ukuta wa upande huu usiwe na tundu hata moja. Kisha uchimbe choo hapa nje yake."

Bwana Kibwana akaruka. "Choo? Mbele ya baraza ninapokaribishia wageni?"

"Sasa nikiweke wapi, kaka yangu? Kuta nyingine zote zitakuwa na madirisha. Nani huchimba choo chini ya dirisha lake?"

Tajiri akakuna kidevu, kisha akagonga bakora chini. "Fundi! Weka dirisha hapa. Weka mawili, makubwa!"

Akaondoka akijiona mjanja.

"Na choo, mama?" fundi akauliza.

"Choo gani tena?" Mwanashuru akacheka. "Si tulishakichimba kule nyuma?"