Fenesi la Mwaka wa Kumi na Mbili

Semboja alikuwa tajiri wa Kwemtindi na, kwa maneno yake mwenyewe, wakili pia, maana aliwahi kumdhamini shemeji yake mahakamani. Huko alisikia kwamba kesi ya ardhi ikipita miaka kumi na miwili haifunguliki tena. Basi akalivamia shamba la jirani yake, mjane Bi Nangasu, akalima na kungoja. Ulipobaki mwezi mmoja, alikuwa akijipongeza kila jioni kwa supu ya mbuzi.

Siku moja mjane alikuja na mwenyekiti wa kijiji, mkono umening'inizwa kwa kanga shingoni.

"Bwana Semboja, fenesi la shamba lako limenivunja bega. Kesi ya kuumia hufunguliwa ndani ya miaka mitatu, nami nimeumia jana. Namshitaki mwenye shamba."

Semboja alitokwa na jasho, kisha akakumbuka kwamba yeye ni wakili.

"Mwenye shamba? Shamba ni lako, mama! Mimi nalima tu. Jishitaki mwenyewe!"

"Utathubutu kuyaandika hayo?"

"Hata mara mbili!"

Akaandika, akatia sahihi, mwenyekiti akashuhudia.

Bi Nangasu akaikunja karatasi kwa mkono uleule wa bega lililovunjika.

"Ahsante. Umekiri kwa sahihi yako kwamba shamba ni langu, kwa hiyo ile miaka kumi na miwili inaanza upya leo. Kesho nafungua kesi, labda utoke mwenyewe."

Semboja akajikuna kichwa.

"Na hilo fenesi?"

"Liko mlangoni kwako, bwana wakili. Ndiyo ada yako."