Meno ya Shemasi Éliakim

Mkunga hawezi kumzalisha anayejifunga shuka. Ndiyo maana wahenga wakanena, mficha uchi hazai. Anayetaka kusaidiwa hana budi kuionyesha aibu yake. Mzee Éliakim, shemasi wa Beni, aliijua methali hiyo barabara, ila aliiona kuwa ni ya watu wengine.

Mbele alikuwa na meno mawili ya bandia, aliyofungiwa zamani na fundi wa njiani kwa waya ulioshikilia jino la jirani. Hakuna aliyejua, hata mkewe Kavuo. Angalau ndivyo alivyoamini. Sasa jino lile la jirani lilikuwa limeng'oka, na yale ya bandia yakawa yanacheza kila akisema. Zilibaki wiki tatu amwoze binti yake Shekinah, na baba ndiye hutoa baraka mbele ya wakwe. Aliogopa yasije yakamtoka kinywani kabla ya kufika "amina".

Yeye na Kavuo wakaenda Butembo kwa Jokébed, fundi wa meno. Binti huyo hakumjaza mtu plasta kinywani ili kupata umbo la meno. Alipitisha kijiti chenye taa na kamera ndogo, taratibu, na kwenye kompyuta meno ya mzee yakachomoza moja baada ya jingine, yakageuzwa huku na huku, hata ufa mwembamba ukaonekana. Éliakim alistaajabu mpaka akasahau hofu yake. Kijiti kilipofika mbele, Jokébed akasita.

"Papa, hizi mbili zinatingishika, picha inakataa kushikana. Zinatokaka?"

"Hapana. Niko nazo tangu utoto."

"Basi nikipima hivi, jino mupya itakosa fasi yake. Itakuumiza."

Shemasi akaufumba mdomo. Alimtazama mkewe kwa jicho la pembeni, tayari kurudi Beni na pengo lake.

"Papa Shekinah, toa tu," Kavuo akasema. "Miaka kumi na moja najua. Zilianguka ku kitanda, nikakuwekea mu mukono mbele ya wewe kuamuka."

Mzee aliona haya, kisha akaona jinsi alivyopendwa miaka yote hiyo. Akayatoa mwenyewe, akapanua kinywa. Kijiti kikapita, na pengo likajichora lote, pamoja na ufizi uliovimba. Meno matatu aliyotengenezewa yalimkaa kama aliyezaliwa nayo.

Siku ya harusi alibariki kwa sauti iliyofika mlangoni, wala hakuna neno lililoteleza. Mkwe mmoja akamsifu kwamba meno yake bado ni ya kijana.

"Tatu ni za Butembo," akajibu, akafungua kinywa ili wote waone. Hakika, mficha uchi hazai.